Tuta la Kinywani

Temeke, Dar es Salaam
4 Oktoba 1955

Baba yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Naomba barua hii ikukute na nguvu za kutosha kuisoma mwenyewe, bila kuazima macho ya mdogo wangu Gaudens. Ameniandikia kwamba goti lako limeanza tena kukusumbua tangu mvua zilipoanza huko Kanyigo, na kwamba hutaki litajwe mbele ya mama. Je, mama naye hajambo? Kikohozi chake kimepungua? Na ile migomba ya upande wa ziwani iliyoangushwa na upepo, mmeweza kuisimamisha? Mimi mwilini sijambo. Homa iliyonilaza mwezi wa Juni haijarudi. Nimechoka tu, Baba, kwa uchovu usioondoka hata nikilala, kwa hiyo unisamehe popote mwandiko utakapolegea.

Katika barua yako ya Agosti uliniuliza maswali mawili: mfereji wetu unaendeleaje, na kwa nini barua zangu zimekuwa fupi. Swali la kwanza nililijibu kwa mistari miwili, la pili nikalipita. Sasa naona kwamba yalikuwa swali moja.

Gaudens aliniambia pia kwamba barua yangu ya Februari uliisoma mlangoni mwa kanisa baada ya misa, na kwamba Mzee Theonest alisema Musa alitenganisha bahari, lakini binti wa Apolinari ameunganisha mito, kwa hiyo Musa alikuwa na kazi nyepesi. Nilicheka siku ile. Nilimsimulia hata Bi Tabu mwenye nyumba wangu, naye akauliza kama huyo Musa alilipa kodi ya chumba kwa wakati.

Sikuwahi kukueleza vizuri mahali penyewe. Nyuma ya nyumba za Temeke, upande wa kuelekea Mtoni, kuna vijito viwili ambavyo havikuwahi kukutana. Cha kwanza kinaitwa Mzambarauni. Hakifiki popote. Kinaishia katika dimbwi nyuma ya nyumba za watu. Masika yakija, dimbwi hupanda hadi vizingitini, na likishuka huacha mbu. Cha pili ni Mkorofi, kinachopita katika bonde la mpunga na kuingia kwenye hori, yaani ule mkono wa bahari unaojipenyeza katikati ya mikoko. Kati ya vijito hivi palikuwa na mwinuko mdogo wa ardhi, mwendo wa robo saa kwa miguu. Mpango ulikuwa kuukata mwinuko ule, ili maji ya Mzambarauni yapite katika mfereji mpya, yaingie Mkorofi, na kutoka huko yaende baharini. Kwenye karatasi ilionekana kazi rahisi, kama kuunga kamba mbili kwa fundo moja.

Kazi yangu ilikuwa kupita kwa wenyeji, kuwauliza wanachokijua kuhusu maji, kuandika majibu yao katika daftari, kisha kuyanakili kwa Kiingereza safi kwa ajili ya injinia. Ofisini walinichagua kwa sababu mashamba ya bondeni ni ya wanawake, na makarani wanaume walikuwa wakirudi na majibu ya heshima yasiyo na kitu ndani. Injinia mwenyewe watu walimwita Bwana Kamba, kwa vile hakuonekana bila kamba ya kupimia begani. Sikumwona kuwa mtu mbaya. Alisikiliza, na alichoambiwa alikiandika. Kama angekuwa mkaidi, barua hii ingekuwa rahisi kuiandika.

Nyapara wa wachimbaji alikuwa Nassibu, mwana pekee wa Bi Tabu. Ni mtu mrefu, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Vigingi vyeupe vya injinia aliviita meno ya Bwana Kamba, na kila asubuhi aliwahimiza watu wake akiwaambia kwamba kaburi la mbu halichimbwi na mtu aliyelala. Ni yeye aliyenifundisha kutembea katika tope bila kupoteza viatu: unavivua.

Baba, hapa inanibidi nikueleze jambo ambalo kila mtoto wa pwani analijua, na ambalo wewe na mimi, tuliozaliwa kando ya ziwa, tunalijua kwa kulisoma tu. Maji ya kwetu yanakaa. Ukiacha jiwe ufukweni leo, kesho utalikuta mahali lilipo. Maji ya huku yanakwenda na kurudi kila siku, na mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, hupanda kuliko desturi. Hayo ndiyo wanayoyaita maji ya bamvua. Nilipomweleza Bi Tabu kwamba ziwa letu halitoki mahali pake, alinihurumia waziwazi. Alisema maji yasiyoondoka ni kama mgeni aliyepita siku ya tatu na hakuna aliyethubutu kumpa jembe.

Chini ya bonde, pale Mkorofi kinapokaribia hori, kingo zinabanana na kufanya mahali pembamba panapoitwa Kinywani. Kila bamvua inapokaribia, wanawake wenye mashamba hushuka pale saa nne asubuhi, maji yakiwa yametoka. Huchomeka fito za mikoko, husuka makuti katikati, hukandika tope, na kufanya tuta kutoka ukingo hadi ukingo. Bi Tabu hukaa juu ya ukingo na chetezo cha ubani, na kazi haianzi mpaka moshi upande. Siku nne au tano baadaye wanalibomoa, ili maji ya kijito yatoke. Nilikwenda kutazama mara moja tu. Ule ubani, Baba, ulinirudisha utotoni, wewe ukiwa umeshika chetezo mbele ya altare nami nikijivunia kwamba moshi ule ni wa baba yangu. Lakini ulinitia pia haya, haya ambayo nilidhani ni heshima.

Bwana Kamba aliponiuliza yale mabaki ya fito na tope ni ya nini, nilimjibu kwamba ni mahali pa ibada ya wanawake. Nilimwomba kwa adabu asishuke Kinywani siku zile, kwa kuwa haingependeza mwanamume mgeni kuwasimamia wanawake katika mambo yao. Alikubali mara moja, hata akanishukuru. Siku za bamvua alikaa juu zaidi, bondeni penye mpunga, akitazama vigingi vyake kuona maji ya chumvi yanafika wapi. Alitazama bamvua mbili. Vigingi vilikaa vikavu, naye akaandika kwamba bahari haifiki kwenye mpunga.

Ni kweli haikufika. Ilikuwa imefungiwa nje.

Mfereji ulifunguliwa mwezi wa Februari. Kinywani palipanuliwa mara tatu na kuchimbwa kwa kina, ili maji ya vijito viwili yapate njia, na fito za wanawake zikaondolewa pamoja na takataka nyingine. Siku ya kufungua, Nassibu alibebwa juu juu. Na sitaki kukudanganya kwa kugeuza kila kitu kuwa kibaya: masika yaliyofuata, kwa mara ya kwanza watu wanayoikumbuka, dimbwi la Mzambarauni halikuingia katika nyumba hata moja. Mama mmoja wa upande ule, Auleria, ambaye masika mawili yaliyotangulia alizika watoto kwa homa, alinishika mkono njiani akanishukuru kana kwamba mimi ndiye niliyeshika jembe. Sijui niziweke wapi shukrani zile. Bado ninazo.

Bamvua kubwa ilikuja mwezi wa Machi, mpunga ukiwa na kimo cha kiganja. Wanawake walikwenda Kinywani na fito zao, wakasimama tu. Fito haikufika chini. Saa kumi alasiri maji yalipanda taratibu, bila kelele, yakapita katikati ya miche, yakaendelea hadi kwenye mfereji mpya na upande wa pili. Yalipotoka, bonde lilionekana vilevile. Baada ya siku tano likawa na rangi ya kamba iliyooza. Walipanda tena Aprili, na bahari ikaja tena. Visima vitatu vya upande wa Mzambarauni sasa vina chumvi. Mwezi wa Juni, ambao ni wa kuvuna, nilimwona Bi Tabu akirudi kutoka dukani kwa Muhdhar na mchele ndani ya karatasi. Alisema hajawahi kuonana na mchele ambao yeye hamjui mama yake.

Watu wakalalamika, na likaitishwa baraza kutafuta kosa liko wapi. Vipimo vya injinia vilikuwa sahihi, na taarifa yangu, safi na iliyopigwa chapa, ilikuwa inakubaliana navyo. Ikabaki kwamba waliochimba Kinywani walizidisha kina. Nassibu aliulizwa mbele ya watu. Alijibu kwamba alichimba palipopigwa kigingi, na kwamba kama kosa ni lake, basi na wampe bahari yenyewe iwe yake, ajue pa kuipeleka. Watu walicheka. Yule bwana aliyeongoza baraza hakucheka. Nassibu aliondolewa kazini, na kwenye cheti chake ikaandikwa kwamba hafai kusimamia watu. Alikwenda bandarini na cheti kile, wakakisoma, wakamrudishia. Tangu hapo alikuwa akipasua kuni uani, na sauti yake haikusikika hata nyumba ya pili.

Katika baraza lile bwana aliuliza pia kama kuna mwenyeji yeyote aliyetoa onyo kabla ya mfereji kuchimbwa. Aliuliza kwa Kiingereza, nami nikalitafsiri swali. Wanawake hawakuwa wameitwa. Wanaume walitazamana. Mimi nilikuwa naandika kumbukumbu za kikao, na niliandika kwamba hakuna aliyejibu.

Baba, onyo lilitolewa. Nilipewa mimi.

Ilikuwa mwezi wa Mei mwaka jana, barazani kwa Bi Tabu, yeye akipepeta na mimi nikiwa na daftari magotini. Aliniambia niandike kwamba Kinywani ndipo mlango wao. Pasipofungwa, alisema, bahari itapanda hadi kwenye mpunga, kwa maana bahari haibishi hodi. Alinieleza kimo cha tuta, siku za kulifunga na siku za kulibomoa. Na katika pumzi ileile akasema kwamba bahari ina mwenyewe, na ubani ni wa kumwomba asubiri nje. Niliandika yote kwa penseli. Yapo mpaka leo.

Wiki ile makarani wawili ofisini walikuwa wamesoma kwa sauti maelezo ya mzee mmoja aliyetaja jini wa kisimani, wakacheka mpaka wakafuta machozi, na Bwana Kamba naye akatabasamu kidogo. Nilipofika kwenye maneno ya Bi Tabu, nikaona watakavyomcheka. Nilikuwa nakula wali wake. Sikutaka jina lake lipite mdomoni mwa watu wale. Basi nikamwondoa mwenye bahari, nikaondoa na ubani. Nilipokwisha kuviondoa hivyo, tuta lililobaki lilionekana halina maana, nikaliondoa nalo. Mahali pake niliandika kwa Kiingereza kizuri kwamba wanawake wa bondeni wana ibada yao kando ya kijito, isiyohusiana na mwendo wa maji, na inafaa kuheshimiwa. Sentensi ile ilisifiwa.

Nimejiuliza mara nyingi kama nilifanya vile kwa kumhurumia yeye au kwa kujihurumia mimi, msichana pekee katika ofisi ile, nisiyetaka kuonekana ninaamini wenye bahari. Siku nyingine jibu ni hili, siku nyingine ni lile. Na nimekumbuka, wala silisemi hili kwa kukulaumu, jinsi wanawake wa Kanyigo walivyokuletea barua za waume zao kutoka Kampala uwasomee. Nilikuwa nasimama nyuma ya kiti chako, nikifuata mistari kwa macho. Nikakuona ukiruka. Mume akiandika kwamba amechukua mke mwingine, ulisoma kwamba anawasalimu watoto. Mwanamke aliondoka akiwa na furaha, nami nikaona kwamba msomaji mwema ni yule anayejua cha kuruka. Labda nimekosea hata katika hili. Labda ningeruka tu, hata kama wewe ungesoma kila neno.

Siku ya baraza niliporudi nyumbani, Bi Tabu alikuwa anachagua mchele. Aliniuliza, bila kuinua macho, kama wino ulikataa siku ile aliponieleza habari za Kinywani. Nilimjibu kwamba niliandika kwa penseli. Akasema alidhani aliyesoma ni yule anayeandika alichoambiwa. Kama ni kuandika anachotaka, hilo hata yeye asiyesoma angeweza. Kisha akainuka akaenda kupika. Kwa siku tisa chakula changu kililetwa chumbani, kikiwa kimefunikwa vizuri, wala sikuitwa mkekani.

Ilinichukua wiki nne zaidi, na sina la kujitetea kwa wiki hizo. Katikati ya Septemba nilipeleka daftari ofisini, nikafungua ukurasa ule, nikauweka kando ya taarifa safi, na juu yake nikaweka barua yenye jina langu kamili, Felicitas Kokushubila Apolinari. Bwana Kamba alisoma vyote viwili akiwa amesimama. Aliniuliza kwa nini. Nilimwambia kwamba niliogopa angetabasamu. Alilifunga daftari, kisha akasema inawezekana kweli angetabasamu. Sijui kama alisema hivyo kwa kuniliwaza au kwa kujuta.

Matokeo yake ni haya. Kazi yangu itakwisha mwishoni mwa mwezi huu, na sitapewa barua ya sifa. Nassibu ameandikiwa mistari miwili kuondoa lawama, ila mistari miwili haisomwi kwa sauti mbele ya watu kama lawama ilivyosomwa. Lango la chuma Kinywani wanasema litafikiriwa. Kwa hiyo zile pesa za ada ya Gaudens nilizokuahidi kwa mwakani, sijui, Baba. Wala sijui utamwambia nini Mzee Theonest.

Jumamosi iliyopita ilikuwa bamvua. Wanawake waliamua kwamba hawatangoja chuma. Wanataka bonde lifungwe sasa, ili mvua za vuli zikija zioshe chumvi na masika yakute ardhi inayokubali mbegu. Mahali palipokuwa pembamba sasa ni pana, fito hazitoshi, kwa hiyo Nassibu alileta magogo na wachimbaji sita wa zamani, waliokuja bila kuitwa mara mbili. Nami nikaenda. Hakuna aliyenikaribisha, hakuna aliyenifukuza. Nilipoanza kuvua viatu, Nassibu alipaza sauti, kwa mara ya kwanza tangu baraza lile, kwamba watu wampishe mtu wa ziwani, leo atajua kwamba maji yana miguu. Walicheka wote. Nilibeba tope kwa karai mpaka mikono ikakataa.

Bi Tabu alikuwa ukingoni na chetezo. Nilipopumzika nilitazama moshi ukilalia upande wa bara, nikaona kwa ghafla kile nilichodhani ndicho ukweli wote: moshi unaonyesha upepo, na upepo wa bahari huongeza kimo cha maji, kwa hiyo ubani ni kipimo! Nilimwendea nikamweleza, nikiwa na furaha ya mtu aliyesamehewa. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba tope la Kinywani linanuka, mwanangu; kwani pua yako imeziba? Mwanamke aliyekuwa karibu naye akasema hapana, ubani ni wa marehemu bibi zao walioweka fito za kwanza. Bi Tabu akamwambia hilo nalo ni kweli, na mwenye bahari naye asisahauliwe. Juu ya upepo alisema ataangalia.

Saa kumi maji yalikuja. Yalisimama nje ya tuta, yakapanda mpaka kiganja kimoja kutoka juu, yakakaa pale kama yanayofikiri. Kisha yakaanza kushuka. Tulirudi nyumbani tukiwa na tope hadi mabegani, na usiku ule niliitwa mkekani. Tulikula wali wa dukani kwa Muhdhar.

Kabla ya kulala nilifungua daftari na kuandika juu ya ubani: pua, bibi zao, mwenye bahari, na upepo wa kwangu usio na ushahidi. Yote manne, kwa majina ya waliosema. Sikuondoa kitu. Sijui kama kuna ofisi itakayoyasoma.

Nisalimie mama, na umwambie asiache kunywa ile dawa ya majani hata akisikia nafuu. Msalimu Gaudens na majirani wote wa upande wa ziwani. Bi Tabu anakusalimu; anauliza kama lile ziwa bado liko palepale. Ukiona haya kuisoma barua hii mlangoni mwa kanisa, nitaelewa, iweke. Lakini kama utaisoma kwa watu, Baba, nakuomba kitu kimoja tu: isome yote, usiruke.

Ni mimi binti yako,
Kokushubila